Nta Ilitangulia, Asali Ikafuata

Watungaji wa pwani wameitumia asali mpaka imechujuka. Mpenzi ni asali, maneno ya mshenga ni asali, hata wasia wa mzee, ujapokuwa mchungu, huambiwa una asali ndani yake. Ni nadra mtungaji kuuliza asali hiyo imetoka mzinga gani, nani aliyepanda mtini usiku kuirina, na alilipwa nini. Ilhali biashara hiyo ni ya kale. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika habari za mwambao huu katika miaka ya 1510, alieleza kuwa watu wa Mombasa walipopatana na jirani zao wa bara walipata kwao asali, nta na pembe za ndovu. Pembe zimeandikiwa vitabu vingi. Asali na nta zimeachiwa methali.

Kati ya hizo mbili, nta ndiyo iliyokuwa tayari kusafiri. Nta haiozi wala haimwagiki. Ikishayeyushwa na kuchujwa hugandishwa bonge, na bonge hilo hubebwa kichwani, hulazwa ghalani mwaka mzima, hupakiwa chomboni, likafika ng'ambo na uzito wake uleule. Asali ina tabia nyingine. Huvuja, hunyonya unyevu wa hewa, hushika harufu ya kila chombo inamotiwa, na ikirinwa kabla nyuki hawajaziba masega, huchacha. Ulaya ilitaka nta kwa mishumaa ya makanisa na kwa kung'arishia samani. Asali ilikuwa nayo yake. Hivyo kwa muda mrefu kilichotoka mzingani kuja pwani na kuvuka bahari kilikuwa hasa kile ambacho mrina mwenyewe hakuwa na haja nacho.

Unyamwezi unalidhihirisha jambo hili kuliko mahali pengine. Misitu ya miombo inayoizunguka Tabora huchanua kwa wingi, na ufundi wa nyuki huko ni wa jadi. Warina huhamia porini kwa majuma kadhaa, huishi kambini, hupanda na kienge cha moshi, hushusha masega kwa kamba. Asali ililiwa, ilitiwa katika dawa, na nyingine nyingi iligeuzwa wanzuki, pombe ambayo hakuna ngoma wala kazi ya pamoja iliyokamilika bila yake. Sega lililokwisha kukamuliwa lilikuwa taka, mpaka alipotokea mtu wa kulinunua. Pembe ziliweza kugharimia posho ya mpagazi kwa safari ya miezi mitatu. Nta kwa shida. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, nta ilipata mpagazi asiyekula, na ikawa miongoni mwa bidhaa za kawaida za Tanganyika, chini ya Wajerumani na kisha chini ya Waingereza.

Mwaka 1949 serikali ya Tanganyika ilianzisha kitengo cha ufugaji nyuki, na mtaalamu wake, Francis G. Smith, alikaa nchini zaidi ya miaka kumi. Huyu hakuja na imani kwamba mzinga wa Ulaya ungetatua kila kitu. Aliichunguza mizinga ya wenyeji, aliwachunguza na nyuki wenyewe, na mwaka 1961 akawatenga nyuki wa mwambao kuwa jamii yao, akawapa jina la Kilatini litorea, yaani wa pwani. Ni faraja ndogo kwa watu wa visiwani na mwambao kujua kwamba hata nyuki wao wana lahaja.

Hata hivyo kitendawili cha biashara ya asali hakikuwa katika nyuki, wala katika ujuzi wa mrina. Kilikuwa katika chombo, katika mizani, na katika fedha za siku ya mavuno. Debe la lita 20 likijaa maji huwa na kilo 20. Likijaa asali huwa na kilo 28 hivi. Mnunuzi anayehesabu kwa debe na kuuza kwa kilo amekwisha kupata faida yake kabla ya kufungua kinywa. Na debe lenyewe, kama jana lilikuwa la mafuta ya taa, litaiharibu asali ambayo nyuki wamehangaika nayo msimu mzima. Kisha kuna maji yasiyoonekana: soko la dunia hulikubali lile pipa ambalo maji yake hayazidi asilimia 20, na hilo huamuliwa juu ya mti, gizani, pale mrina anapochagua kulikata sega lililozibwa na kuliacha lililo wazi, bila kuchanganya majana. Nani atamlipa kwa kuacha? Kama bei ni moja kwa asali safi na kwa iliyovurugwa, mwenye busara atakata vyote.

Ushirika wa wafuga nyuki wa Tabora, ulioanzishwa mwaka 1962, ulikuwa jawabu la maswali hayo. Chama cha warina kingeweza kufanya ambalo mrina mmoja hawezi: kumiliki mizani, kuchuja pamoja, kujaza mapipa na kumkabili mnunuzi wa mbali kwa mzigo mkubwa wenye sifa moja. Udhaifu wake ulikuwa uleule wa ushirika wowote wa wakulima. Asali yote huja kwa wakati mmoja. Fedha huja zikisha kuuzwa. Mwanachama mwenye ada ya shule ya kulipa kesho hawezi kungoja meli ifike Ulaya, na mchuuzi mwenye noti mkononi analijua hilo. Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa nchini mwaka 1976, wakati vijiji navyo vikihamishwa, imani ya wakulima katika vyama ilijeruhiwa, na jeraha hilo halikupona upesi vyama viliporudishwa mwaka 1982.

Msitu nao una kesi yake. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuuvua mti ngozi yake, na mti uliovuliwa hufa umesimama. Lawama hiyo ni ya haki, lakini ipimwe. Urambo, jirani na Tabora, palifyekwa kwa matingatinga kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. (Kongwa, katika mradi huohuo, nyuki wa kwenye mibuyu waliwatimua madereva, pengine ndio pekee walioupinga waziwazi.) Karanga ziliposhindwa, Urambo ukawa nchi ya tumbaku, na tumbaku hukaushwa kwa kuni. Mrina huua mti apate mzinga wa miaka kadhaa, na miti inayobaki ndiyo mtaji wake. Tanuri la tumbaku halihitaji hata mti mmoja uchanue.

Sera ya taifa ya ufugaji nyuki ilitolewa mwaka 1998, na sheria yake mwaka 2002. Mizinga ya masanduku imegawiwa, na mingine imebaki mitupu kwa sababu ilitundikwa na watu wasiowajua nyuki. Ndoo za plastiki zenye vifuniko zimechukua nafasi ya madebe. Wanzuki ungali unauzwa Tabora, na mnunuzi wa asali akichelewa, mrina huipeleka kwa mpika pombe, anayelipa papo hapo.