Semakau na jirani zake: vita vilipita, kijiji kikahamishwa wakati wa amani

Kusini mwa Singapore kuna visiwa vidogo vilivyokaliwa na wavuvi wa Kimalai: Semakau, Sakeng, Sudong, Brani. Mtu wa Pemba au Lamu angefika huko zamani asingejiona mgeni sana. Nyumba nyingi ziliezekwa kwa makuti, zikasimama juu ya nguzo, maji yakijaa na kupwa chini ya sakafu. Samaki walinaswa kwa kelong, mitego ya miti iliyochomekwa baharini, ndugu wa wando zetu. Siku za furaha walishindanisha jong, vijahazi vidogo visivyo na nahodha: unakitengeneza, unakitia tanga, unakiachia upepo.

Tarehe 14 Februari 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia, mizinga ilinguruma ng'ambo ya pili, kwenye kisiwa kikuu. Juu ya kilima cha Bukit Chandu, Pasir Panjang, upande unaoelekea visiwa hivyo, askari wa Kikosi cha Kimalai waliwakabili Wajapani mpaka wakaishiwa risasi. Luteni Adnan Saidi aliuawa hapo. Kesho yake Waingereza, waliokuwa wakiitawala Singapore, walisalimu amri.

Wajapani wakaipa Singapore jina jipya, Syonan, yaani Nuru ya Kusini. Saa zikasogezwa mbele saa moja na nusu zilingane na za Tokyo, ingawa mvuvi aliendelea kufuata bamvua na maji mafu. Mjini, Wachina kwa maelfu walichujwa na kuuawa. Visiwani dhiki iliingia kupitia jikoni. Mchele ulikuwa ukitoka Burma na Siam kwa meli, na meli zilipoadimika, sufuria zikabaki tupu. Mvuvi alikuwa na samaki. Kilichomtoka ni wali, na kwa Mmalai mlo usio na wali si mlo.

Mwaka 1981 Singapore ilianza kurekodi sauti za watu walioishi enzi hiyo, na neno linalorudi vinywani mwao ni ubi kayu, muhogo. Muhogo asubuhi, muhogo jioni, na majani yake yakawa mboga kama kisamvu chetu. Mafuta ya taa yalipokwisha, taa zikawashwa kwa mafuta ya nazi. Nguo zikatiwa kiraka juu ya kiraka. Noti za Kijapani, ambazo watu waliziita pesa za ndizi kwa sababu ya mgomba uliochorwa kwenye noti ya dola kumi, ziliporomoka thamani, na Wajapani waliposalimu amri mwaka 1945 zikawa karatasi tu.

Sisi huvisimulia vita kana kwamba ndivyo peke yake vinavyofuta vijiji. Miaka mitatu na nusu ya njaa haikuwang'oa watu hawa visiwani. Waling'olewa wakati wa amani: wa Semakau na Sudong miaka ya 1970, wa Sakeng mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakapewa fleti za ghorofa bara, mbali na wando na vyombo vyao. Naona huo ni msiba, hata kama fleti hizo zina maji ya bomba na umeme.

Leo Sudong ni uwanja wa jeshi wa kulenga shabaha. Semakau ni jaa la Singapore tangu 1999, ambako majivu ya taka zilizochomwa humwagwa nyuma ya ukuta wa mawe wenye urefu wa kilomita 7. Sakeng kimo ndani ya ukuta huo.