Saini ya Nani? Simu, Siri na Sheria kutoka Rusinga hadi Mawego

Katika Ghuba ya Muhuru, pembe ya Kaunti ya Migori inayopakana na Tanzania, simu ya mvuvi huvuka mpaka kabla ya mtumbwi wake. Mtu ameketi Kenya, lakini kwenye kioo unaingia ujumbe wa kumkaribisha katika mtandao wa nchi jirani. Akisukuma mashua hadi Migingo, kisiwa cha mawe ambacho Kenya na Uganda zimekivutania kwa miaka mingi, huwa ameingia mahali ambapo nchi tatu zinakaribiana, na kila nchi ina sheria yake kuhusu nani anaweza kumsikiliza akizungumza na mnunuzi wa sangara.

Uganda ilipitisha sheria yake ya kunasa mawasiliano mwaka 2010, siku chache baada ya mabomu ya Julai yaliyoua watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia jijini Kampala. Kibali hutolewa na jaji aliyeteuliwa kwa kazi hiyo. Tanzania, katika Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, inamtaka polisi apate kwanza ridhaa ya Mwanasheria Mkuu, kisha aende mahakamani. Kenya ina Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010, inayosema kwamba kila mtu ana haki ya faragha, pamoja na haki ya mawasiliano yake kutoingiliwa.

Kwenye karatasi, basi, majirani hawa watatu wanakubaliana kwamba anayetaka kusikiliza asijipe ruhusa mwenyewe. Nchini Kenya saini hiyo ya ruhusa imehamahama kwa zaidi ya miaka 70. Imetoka kwa gavana ikaenda kwa waziri, ikamfikia jaji, kisha ikaanza kurudi ilikotoka. Watu wa iliyokuwa wilaya ya Nyanza Kusini, ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, wameuona mzunguko huo kwa karibu kuliko Wakenya wengi.

Tom Mboya, ambaye nyumbani kwao ni Kisiwa cha Rusinga, alikuwa na umri wa miaka 23 tu alipochukua uongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi mwaka 1953. Nchi ilikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na Special Branch, tawi la polisi lililokusanya habari za kisiasa, lilikuwa likifuatilia kila Mwafrika aliyeweza kujaza ukumbi. Machi 1959 polisi walikivamia chama chake cha People's Convention Party, wakakamata makumi ya wanachama, na gazeti la chama lililoitwa Uhuru likapigwa marufuku. Hakukuwa na jaji wa kuulizwa kabla ya msako. Serikali ya Hali ya Hatari ilikuwa na kanuni zake, na kanuni hizo zilitosha.

Hata Uingereza yenyewe haikuwa na sheria iliyo wazi. Mwaka 1957 kamati ya Lord Birkett ilichunguza usikilizaji wa simu na ufunguaji wa barua, ikakuta kwamba mamlaka hayo yametumika kwa muda mrefu ingawa chimbuko lake kisheria halieleweki vizuri. Ilibidi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iamue kesi ya Malone mwaka 1984 ndipo London itunge sheria, mwaka uliofuata. Kwa hiyo maofisa walioondoka Nairobi mwaka 1963 waliwaachia warithi wao mazoea, wala si utaratibu ambao raia angeweza kuusoma na kuudai.

Serikali huru iliyakubali mazoea hayo bila kusita. Sheria ya Siri za Serikali ya 1968 ilimpa waziri uwezo wa kuagiza, kwa hati yenye saini yake mwenyewe, kwamba mwenye mitambo ya mawasiliano atoe ujumbe uliotumwa nje ya nchi au uliopokelewa kutoka huko. Nyanza wakati huo ilikuwa ikitazamwa kwa jicho la pekee. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa ameunda chama cha upinzani cha KPU mwaka 1966. Mboya akauawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. KPU ikapigwa marufuku Oktoba ya mwaka huohuo na viongozi wake wakawekwa kizuizini bila kushtakiwa. James Kanyotu aliiongoza Special Branch kwa zaidi ya robo karne, chini ya Rais Kenyatta na kisha Rais Moi.

Teknolojia nayo ilimrahisishia kazi yeyote aliyetaka kusikiliza. Kwenye miji midogo simu iliunganishwa na opereta kwa mkono, na shirika la posta na simu lilikuwa moja tu, mali ya serikali. Baada ya jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982 na msako wa kundi la siri la Mwakenya uliofuata, watu walijizoeza kutozungumza jambo lolote la maana kwenye waya. Na hata kama sheria ingetaka kibali cha jaji, kati ya 1988 na 1990 majaji wenyewe walikuwa wameondolewa ulinzi wa kazi zao. Rais angeweza kuwafuta. Jaji anayeweza kufukuzwa kesho hawezi kukataa ombi la idara ya usalama leo.

Mabadiliko yalikuja polepole. Sheria ya mwaka 1998 iliitoa idara ya ujasusi mikononi mwa polisi, na sheria ya mawasiliano ya mwaka huohuo ikawakataza wenye leseni kunasa ujumbe wa wateja. Halafu ikaja Katiba ya 2010. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 iliweka ngazi zinazoeleweka: ofisa asiyepungua cheo cha inspekta mkuu, ridhaa ya maandishi ya Inspekta Jenerali au Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kisha Mahakama Kuu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, polisi aliyetaka kusikiliza simu ya mshukiwa wa ugaidi alilazimika kumshawishi mtu ambaye si mkubwa wake kazini.

Ngazi hizo hazikudumu. Baada ya shambulio la Westgate mwaka 2013, na mauaji ya Mpeketoni na Mandera mwaka 2014, serikali ilipeleka bungeni mswada wa kurekebisha sheria za usalama. Tarehe 18 Desemba 2014 ukumbi uligeuka uwanja wa ngumi. Karatasi zilichanwa na maji yakamwagwa. Mbunge wa Mbita, eneo ambalo Rusinga imo, Millie Odhiambo, alikuwa katikati ya vurugu, na baadaye alisema alishambuliwa ndani ya ukumbi. Siku iliyofuata rais alitia saini. Miongoni mwa yaliyoingia ni kifungu cha 36A, kinachoviruhusu vyombo vya usalama vya taifa kunasa mawasiliano ili kugundua na kuzuia ugaidi, kwa taratibu zinazowekwa na waziri na kuidhinishwa na Bunge. Jaji hatajwi.

Muungano wa upinzani wa CORD ulikwenda mahakamani. Februari 2015 majaji watano walifuta vifungu vinane vya sheria hiyo, kikiwemo kile kilichovibana vyombo vya habari. Kifungu cha 36A walikiacha, wakisema vita dhidi ya ugaidi vinahalalisha kupunguza faragha kwa kiasi hicho. Hoja yao si ya kupuuzwa, kwa kuwa mashambulizi yalikuwa ya kweli na makaburi yalikuwa ya kweli. Lakini ridhaa ya Bunge kwa kanuni za jumla haiwezi kushika nafasi ya jaji anayetazama jina moja, nambari moja na sababu moja.

Wengi wakisikia habari za kudukuliwa humfikiria mtu aliyevaa vipokea sauti masikioni. Mara nyingi mambo si hivyo. Karatasi ya rekodi za simu inayofikishwa mahakamani, pamoja na hati ya uthibitisho inayotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, haina hata neno moja lililozungumzwa. Ina safu tu: nambari iliyopiga, nambari iliyopigiwa, tarehe, saa, urefu wa mazungumzo, nambari ya utambulisho wa simu yenyewe, na mnara ulioihudumia. Soma safu hizo za mwezi mmoja, nawe utajua mtu analala karibu na mnara wa Oyugis, siku ya soko yuko Rongo, na kila Ijumaa usiku humpigia mtu fulani wa Isebania. Mwenye simu hajasikilizwa, lakini maisha yake yameshasomwa.

Ndiyo maana kesi ya mwaka 2017 ilikuwa nzito. Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka Safaricom, Airtel na Telkom waunganishe mitandao yao na mfumo wa kukagua simu bandia. Mwanaharakati Okiya Omtatah akashtaki, akidai mfumo huo ungefungua mlango wa kusoma rekodi za wateja. Aprili 2018 Jaji John Mativo alikubaliana naye. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Rufani ikaupindua uamuzi huo. Katikati ya mivutano hiyo, shirika la Privacy International lilieleza katika ripoti ya Machi 2017 kwamba majasusi wanaifikia mitandao moja kwa moja. Oktoba 2024 gazeti la Nation lilipochapisha uchunguzi kuhusu polisi na data za wateja, Safaricom ilikanusha, ikisema hutoa habari kwa amri ya mahakama.

Mwaka 2025 uliiletea Homa Bay misiba miwili ambayo ni lazima isimuliwe pamoja. Tarehe 30 Aprili mbunge wa Kasipul, Charles Ong'ondo Were, alipigwa risasi Ngong Road, Nairobi. Wapelelezi walitumia kamera za barabarani na mawasiliano ya simu kuwasaka washukiwa, na hakuna mkazi wa Oyugis mwenye akili timamu aliyetaka zana hizo ziachwe. Muuaji akipanga kwa simu, simu yake ifunguliwe.

Wiki chache baadaye, tarehe 7 Juni, polisi walifika nyumbani kwa wazazi wa Albert Ojwang, mwalimu wa miaka 31. Kosa aliloshukiwa nalo lilikuwa maandishi kwenye mtandao wa X kumhusu Naibu Inspekta Jenerali Eliud Lagat, aliyekuwa amelalamika. Mkurugenzi wa idara ya upelelezi wa jinai, DCI, Mohamed Amin, aliwaeleza maseneta jinsi wapelelezi walivyofuatilia akaunti hadi zikawa majina ya watu. Ojwang alipitishwa kituo cha polisi cha Mawego, akasafirishwa zaidi ya kilomita 300 hadi Kituo Kikuu cha Polisi Nairobi, na kabla ya mapambazuko ya Jumapili alikuwa amekufa. Baba yake alifika jijini amebeba hati ya shamba, akidhani itamtosha kumwekea mwanawe dhamana. Polisi walisema alijigonga ukutani. Wapasuaji wa maiti wakakuta majeraha ya kichwa, dalili za kubanwa shingo na michubuko mwilini. Watu sita, wakiwemo maofisa wa polisi, walishtakiwa kwa mauaji na wakakana. Mwezi Julai, jeneza lilipofika Mawego, vijana wenye hasira walikichoma kituo.

Kati ya msiba wa kwanza na wa pili ujuzi wa kumtafuta mtu kupitia mawasiliano yake haukubadilika. Kilichobadilika ni sababu, na mlalamikaji aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wa wale waliotumwa. Huo ndio mwanya ambao ngazi za 2012 zilikusudiwa kuuziba.

Septemba mwaka huohuo maabara ya Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto ilieleza kwamba programu ya ujasusi ya FlexiSPY iliingizwa kwenye simu za watengenezaji filamu wa Kenya zilipokuwa zimeshikiliwa na polisi. Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018 tayari inataka amri ya mahakama kabla ya maudhui ya mawasiliano kunaswa. Bunge lina wabunge na maseneta kutoka Migori na Homa Bay, na yeyote kati yao anaweza kupeleka mswada mfupi wa kukiandika upya kifungu cha 36A, ambacho hakimtaji jaji, ili ombi la kunasa mawasiliano lipite kwa jaji wa Mahakama Kuu likiwa na jina la mtu, sababu na muda wa kikomo, na ili aliyesikilizwa pasipo kosa aarifiwe uchunguzi unapokwisha.