Vitambaa vya Hema

Vitambaa vya hema hukabili maji ya pande mbili: mvua ya nje, na mvuke wa waliolala ndani. Watu wanne hutoa karibu lita moja ya maji kwa usiku mmoja kwa pumzi na jasho. Anayeamka na kukuta shuka limelowa hulaumu hema kuwa linavuja, kumbe mara nyingi ni pumzi za familia zilizogeuka matone kwenye kitambaa baridi.

Turubai la pamba ndilo kongwe, na bado linashonewa mahema makubwa ya kambi za watalii Serengeti na Maasai Mara. Nyuzi za pamba zikilowa huvimba na kuziba upenyo kati yake. Zikikauka huacha mvuke upite. Ndiyo maana hema jipya la turubai hurowanishwa chapachapa na kukaushwa kabla ya safari ya kwanza, ili nyuzi na mishono ishikane. Halipigi kelele sana kwenye upepo, na watoto hulala. Tatizo ni uzito: mita moja ya mraba huwa na gramu 300 au zaidi, ilhali poliesta nyingi za mahema hazifiki 100. Tena likikunjwa na unyevu huota kuvu. Pamba iliyochanganywa na poliesta hupunguza adha zote mbili.

Nailoni, iliyobuniwa 1935 katika maabara ya DuPont nchini Marekani, ni imara kwa wepesi wake, lakini hunywa maji na kurefuka: hema lililowambwa vizuri jioni hukutwa limelegea alfajiri ya mvua. Poliesta, iliyozaliwa Uingereza 1941, hainywi maji kiasi hicho na hustahimili jua zaidi. Kwa familia inayosafiri kwa gari chini ya jua la ikweta, poliesta ni chaguo bora kuliko nailoni. Wepesi wa nailoni humfaa zaidi anayebeba hema mgongoni.

Zote mbili hupakwa poliyurethani au silikoni ili zisipitishe maji. Poliyurethani ni nafuu, ila ikihifadhiwa na unyevu hunata, hunuka na kubanduka. Uwezo wa kuzuia maji hupimwa kwa kimo cha maji ambacho kitambaa hubeba kabla hayajapenya. Milimita 1,500 huzuia mvua ya kawaida, na 3,000 hutoa utulivu zaidi wakati wa masika. Sakafu huhitaji kipimo kikubwa zaidi, kwa kuwa goti la mtoto kwenye ardhi iliyolowa hukandamiza maji zaidi kuliko matone ya mvua.

Poliesta na nailoni zikishika moto huyeyuka na kudondosha matone yanayounguza ngozi. Jiko la makaa lisiingizwe hemani kamwe, hata makaa yakiwa yamefifia. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye makaa, haina harufu, kitambaa kilichopakwa huizuia isitoke, na pamba iliyolowa pia huwa imeziba.