Kelsen Tuliyemkopa Nusu

Mwanafunzi wa sheria wa Kampala au Dar es Salaam anapokutana na jina la Hans Kelsen kwa mara ya kwanza, kwa kawaida hulikuta ndani ya hukumu moja: shauri la Michael Matovu, lililoamuliwa na Mahakama Kuu ya Uganda mapema mwaka 1967. Humo hujifunza kwamba kila mfumo wa sheria unasimama juu ya kanuni msingi, kwamba mapinduzi yakifaulu kanuni hiyo hubadilika, na kwamba Katiba iliyoletwa na mapinduzi ina uhalali uleule wa Katiba iliyouawa. Akitoka hapo humhesabu Kelsen kuwa mwanafalsafa wa wenye nguvu. Nimesahihisha mitihani mingi iliyosema hivyo, na siwalaumu waandishi wake. Ndivyo tulivyowafundisha.

Hoja yangu ni kwamba Afrika Mashariki ilimkopa Kelsen nusu. Tulichukua maelezo yake ya namna mfumo wa sheria unavyozaliwa na kufa, tukaiacha ile sehemu aliyoifanyia kazi kwa mikono yake: kwamba Katiba isiyo na mahakama yenye uwezo wa kuitengua sheria inayoikiuka haina nguvu kamili ya kisheria. Sehemu hiyo aliitungia ibara, akaikalia kwenye kiti cha ujaji kwa takriban miaka kumi, na hatimaye ikamgharimu kiti chenyewe. Ndiyo maana wasifu wake una uzito katika mjadala huu kuliko wasifu wa wanazuoni wengi, ambao ukishataja vyeo na vitabu vyao umemaliza.

Alizaliwa Prague mwaka 1881 katika familia ya Kiyahudi, akakulia Vienna. Dola ya Habsburg iliposambaratika mwaka 1918, Kansela Karl Renner alimwita asaidie kuandika Katiba ya jamhuri mpya ya Austria. Ilipitishwa tarehe 1 Oktoba 1920, na sura aliyoihesabu kuwa kazi yake hasa ni ile ya Mahakama ya Katiba. Marekani ilikuwa na utaratibu wake tangu shauri la Marbury mwaka 1803: jaji yeyote anaweza kukataa kuitumia sheria inayopingana na Katiba, katika shauri lililo mbele yake. Kelsen alitaka kitu kingine. Mahakama moja tu ipewe uwezo huo, na ikishaitengua sheria, imetenguka kwa watu wote. Bunge linatunga, mahakama inaondoa. Kwa hiyo aliiita mahakama hiyo mtunga sheria hasi. Jina halivutii, lakini ni la kweli. Halijifichi nyuma ya dhana kwamba jaji anayefuta sheria hafanyi jambo la kisiasa.

Na siasa ilimfuata mpaka chumbani mwa watu.

Kanuni ya madai ya Austria ya mwaka 1811 ilimkataza Mkatoliki aliyetengana na mwenzi wake kuoa au kuolewa tena maadamu mwenzi huyo yu hai. Hata hivyo sheria hiyohiyo iliziruhusu mamlaka za utawala kuondoa vizuizi vya ndoa kwa kibali maalumu. Baada ya vita, Albert Sever, gavana wa Austria ya Chini kutoka chama cha Social Democrats, alianza kutoa vibali hivyo kwa wingi, na maelfu ya watu wakafunga ndoa mpya. Kisha mahakama za kawaida zikaanza kuzibatilisha. Fikiria mume aliyeoa kwa hati yenye muhuri wa serikali, ana watoto, halafu siku moja anaambiwa na hakimu wa serikali hiyohiyo kwamba mkewe si mkewe. Mwaka 1927 Mahakama ya Katiba, Kelsen akiwa sauti yake kuu katika suala hili, iliamua kwamba huo ni mgongano wa mamlaka: mahakama ya kawaida haina uwezo wa kukifuta kitendo cha utawala kilichofanywa ndani ya mamlaka yake. Kwa maoni yake, dola inayotoa ruhusa kwa mkono mmoja na kuibatilisha kwa mkono mwingine inajivunjia heshima yenyewe. Hoja ilikuwa kavu, ya kiufundi, haikusema neno juu ya utakatifu wa ndoa. Magazeti ya mrengo wa Kikatoliki hayakujali ukavu huo. Alitukanwa kama mvunja ndoa na mhimizaji wa uzinzi.

Adhabu ilikuja kwa njia halali kabisa. Marekebisho ya Katiba ya Desemba 1929, yaliyonadiwa kama hatua ya kuiondoa siasa mahakamani, yalikatisha ujumbe wa majaji wote waliokuwa wameteuliwa maisha. Februari 1930 mahakama ikaundwa upya. Social Democrats walikuwa tayari kumpendekeza kwa nafasi iliyotengewa chama chao. Akakataa, kwa kuwa hakutaka kuketi pale kama mtu wa chama. Wengine watasema alijisusia mwenyewe. Mimi naona alielewa kwamba jaji akishaketi kwenye kiti cha mgao, hata akihukumu kwa haki, hukumu yake itasomwa kwa rangi ya chama.

Alikwenda kufundisha Cologne. Mwaka 1931 alijibizana na Carl Schmitt, aliyedai kwamba mlinzi wa Katiba anapaswa kuwa Rais, kwani yuko juu ya mivutano ya vyama. Jibu la Kelsen linaweza kusemwa kwa Kiswahili kwa maneno machache: huko ni kumpelekea nyani kesi ya ngedere. Wanaoweza kuivunja Katiba kwa kiwango cha kutisha ni Bunge na Serikali. Kumteua mmojawapo kuwa mlinzi ni kumweka mtuhumiwa kizimbani na kwenye kiti cha jaji kwa wakati mmoja. Miaka miwili baadaye, Aprili 1933, alisoma gazetini kwamba ameondolewa kazini na utawala wa Hitler. Wenzake wa kitivo waliandika barua ya kumtetea. Schmitt, ambaye sasa alikuwa mwenzao, ndiye pekee aliyekataa kutia saini. Baada ya hapo ni Geneva, Prague kwa kipindi kifupi cha vurugu, Harvard, na tangu 1942 Berkeley, katika idara ya sayansi ya siasa na si kitivo cha sheria. Huko Marekani kilitoka mwaka 1945 kitabu chake kwa Kiingereza juu ya nadharia ya jumla ya sheria na dola. Kitabu hicho ndicho kilichosafiri hadi Kampala.

Hali ya Kampala mwaka 1966 haihitaji simulizi refu. Februari Milton Obote alisimamisha Katiba ya 1962. Tarehe 15 Aprili Bunge likapitisha mpya ambayo wabunge walikuwa hawajaisoma. Waliambiwa watazikuta nakala kwenye visanduku vyao vya barua, na hadi leo Waganda huiita kwa jina la visanduku hivyo. Mei jeshi likalivamia kasri la Mengo, Kabaka Mutesa akakimbia. Matovu, chifu wa saza huko Buganda, alikuwa miongoni mwa waliokamatwa na kuwekwa kizuizini chini ya kanuni za hali ya hatari. Mawakili wake waliomba afikishwe mahakamani na uhalali wa kizuizi chake upimwe.

Ombi lenyewe lilikuwa na kasoro za kuaibisha: halikuwa na kichwa, wala halikumtaja mjibu maombi. Jaji Mkuu Udo Udoma, Mnigeria, akiketi na majaji Sheridan na Jeffreys Jones, aliliona hilo na kulipuuza, kwa kuwa uhuru wa mtu ulikuwa hatarini na mahakama haikutaka umbo lizibe kiini. Mpaka leo mawakili wa nchi zetu huinukuu sehemu hiyo wanapotaka kuokoa maombi yaliyoandikwa ovyo. Hukumu moja, basi, ina moyo mpana kuhusu karatasi na mgumu kuhusu Katiba. Maana ilipofika kwenye swali kama Katiba ya 1966 ni halali, mahakama ilimfuata Kelsen, kama Jaji Mkuu Munir alivyofanya Pakistan mwaka 1958: mabadiliko yale yalikuwa mapinduzi, yamefaulu, kanuni msingi imebadilika, na Katiba mpya ni halali.

Je, Kelsen alisema hivyo? Alisema sentensi zinazofanana na hizo. Lakini aliyezisema alikuwa mchunguzi anayeeleza jinsi sheria inavyotambulika baada ya tufani kupita. Kwake kutiiwa ni sharti la mfumo kuwa na nguvu ya kisheria. Si sababu ya nguvu hiyo, na hakika si amri kwa jaji. Daktari anayeeleza kwamba moyo ukisimama mtu hufa hajamruhusu mtu yeyote kuusimamisha. Udoma hakuwa mchunguzi wa mbali. Alikuwa na kiti, na alipotamka kwamba mapinduzi yamefaulu, tamko lenyewe likawa sehemu ya kufaulu kwake. Pakistan ililitambua kosa hilo mwaka 1972, katika shauri la Asma Jilani, ikaukana uamuzi wa Munir. Wakati huo watawala aliowahalalisha walikuwa wameshaondoka madarakani, jambo lililowarahisishia majaji ushujaa.

Sitaki hata hivyo kumtakasa Kelsen. Kitabu cha 1945 kinazungumza juu ya mapinduzi kana kwamba hakuna jaji ndani ya chumba. Mtu aliyevuliwa ujaji kwa marekebisho ya Katiba, kisha uprofesa kwa tangazo la gazetini, alikuwa na mengi ya kumwambia jaji wa siku inayofuata mapinduzi, na hakuyasema. Aliutenganisha usafi wa nadharia na maisha yake kwa ukali uliowaachia wengine nafasi ya kuingia. Ukimya huo ni wake, si wa Udoma.

Ile nusu tuliyoiacha, je, haikufika kabisa? Ilifika kwa mlango wa nyuma, bila jina lake. Uganda katika Katiba ya 1995 iliweka Mahakama ya Katiba, yaani Mahakama ya Rufani ikiketi kwa kazi hiyo, na ibara ya 3 ikatamka kwamba Katiba haipotezi nguvu hata ikipinduliwa kwa mabavu. Ni vigumu kuisoma ibara hiyo bila kumwona Matovu nyuma yake. Nchini Tanzania, ibara ya 30(5) ya Katiba inairuhusu Mahakama Kuu, badala ya kuitangaza sheria kuwa batili papo hapo, kuipa mamlaka husika muda wa kuirekebisha. Muda huo ukiisha, uhai wa sheria hiyo nao unaisha. Hiyo ni mashine ya Vienna. Katiba ya 1920 iliiruhusu mahakama kuchelewesha utenguzi kwa miezi isiyozidi sita, muda ulioongezwa baadaye kuwa mwaka.

Ila tulichukua mashine bila kipuri kimoja. Julai 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ya Tanzania iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi na wa 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinakiuka Katiba. Serikali ilipewa mwaka mmoja. Ikakata rufani, Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Vifungu vilikuwa bado kitabuni. Kelsen alimwekea Kansela wajibu wa kutangaza utenguzi katika gazeti la serikali bila kuchelewa, ili mwananchi, karani na msajili wa ndoa wajue kwamba kifungu kimekufa. Ibara ya 30(5) haina wajibu wa aina hiyo. Kifungu kinakufa kimyakimya, na nakala ya sheria iliyo mezani kwa ofisa wa wilaya inaendelea kukionyesha kama kilivyokuwa.

Kuna chombo kingine kwetu kinachofanana zaidi na mahakama ya Kelsen, na sisi walimu hukipita haraka darasani. Mahakama yake ilizaliwa kwa sehemu kubwa kutokana na haja ya kuamua ugomvi kati ya shirikisho na majimbo. Ibara ya 125 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inaunda Mahakama Maalumu ya Katiba, na kazi yake pekee ni kutoa uamuzi wa usuluhishi pale Serikali ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar zinapobishania tafsiri ya Katiba. Nusu ya wajumbe huteuliwa na upande mmoja, nusu na mwingine. Uamuzi unahitaji theluthi mbili ya wajumbe wa kila upande. Haijawahi kukaa hata mara moja, ingawa ugomvi haujakosekana.

Sababu inayotajwa sana ni siasa, na sibishi. Lakini isomwe pia ibara ya 128: akidi ni wajumbe wote, na mmoja akikosekana, Serikali iliyomteua ndiyo inayomteua mwingine; isipomteua, hakuna kikao. Vienna ilishauona mtego wa aina hiyo. Mei 1933, baada ya Bunge la Austria kuzimwa, mashauri dhidi ya amri za Kansela Dollfuss yalikuwa yanangoja mbele ya Mahakama ya Katiba. Dollfuss hakuivunja. Baadhi ya majaji walioelekea upande wake walijiuzulu, kisha ikatolewa amri kwamba majaji waliopendekezwa na Bunge wataitwa kikaoni iwapo tu nafasi zao zote zimejazwa. Bunge la kuzijaza halikuwepo. Jengo lilibaki, majaji wengi wakabaki na vyeo vyao, mashauri yakabaki kwenye majalada, na hakuna aliyeweza kuitisha kikao.