Kinanda cha mjomba kimepata mnunuzi

Nilipotea kidogo, testi zilinibana kweli kweli.

Leo nina stori ya mjomba. Ameuza kinanda chake, Korg Polysix ya Mjapani, toleo la 1981. Alikipigia kwenye maharusi enzi zake, halafu kikafa, kikakaa stoo miaka na miaka. Nikajiuliza, hivi nani anataka kitu cha kale namna hii? Ikabidi nichimbe historia.

Minimoog ya Marekani ilitoka 1970, ila ilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Mwaka 1978 ikaja Prophet-5, sauti 5 kwa pamoja, lakini bei yake ilikuwa karibu dola 4,000. Bendi gani ya mtaani ingeweza? Ndipo Korg wakaleta Polysix, sauti 6 kwa chini ya dola 2,000. Watu wa kawaida nao wakapumua.

Raha haikudumu. 1983 Yamaha wakatoa DX7 ya dijitali, sauti 16, na joto haliivurugi tuni. Vinanda vya analojia vikaanza kuuzwa kwa bei ya kutupa. Sasa sikieni: vijana wa Chicago wasio na hela wakaokota Roland TB-303, mashine iliyododa sokoni hadi ikaachwa kutengenezwa 1984. Kundi la Phuture wakazungusha vitufe vyake hadi ikalia ajabu, wakatoa "Acid Tracks" mwaka 1987. Acid house ikazaliwa hapo. Baadaye mitumba ile ile ikaanza kugombewa, bei zikapanda.

Ila Polysix ina ugonjwa wake. Ndani kuna betri ndogo ya kutunza kumbukumbu za sauti. Ikizeeka inavuja, maji yake yanakula njia za shaba kwenye ubao wa saketi. Cha mjomba kilikufa hivyo hivyo. Rumeti wangu, anayesoma uhandisi, alisafisha ubao, akaunganisha njia zilizokatika kwa vinyaya na risasi, akaweka betri mpya mbali na ubao. Miezi mitatu!

Tukabishana sasa. Rumeti akasema, "Mjomba, usitaje vinyaya, bei itashuka." Mjomba akakataa katakata: "Mwanangu, atakifungua tu. Nimwambie mimi." Mimi nilikaa kimya, maana hela ile ilikuwa ada yangu ya semesta.

Mnunuzi alipofika, swali la kwanza lilikuwa betri. Mjomba akafungua kifuniko akamwonyesha kila kitu. Jamaa akacheka, akasema kile ambacho hakijatengenezwa ndicho anachokiogopa. Akalipa bila kupunguza hata mia.

Mjomba akapiga wimbo mmoja, akazima, akachomoa waya mwenyewe, akamkabidhi. Njiani hakuongea hadi tulipofika stendi.

Ada nimelipa jana. Jumamosi nakwenda kumsalimia.