Nafuu ya umeme wa jua: Nani wa kumpunguzia gharama mkazi wa Diff?

JUA si haba mjini Diff, Wajir Kusini, karibu na mpaka wa Somalia. Kinachomlemea mwenye duka anayetaka jokofu la maziwa na soda, au familia inayotaka taa na redio, ni bei ya kuligeuza jua hilo kuwa umeme. Mwananchi anaposikia neno nafuu, aghalabu huitazama serikali ya kaunti kwa kuwa ndiyo iliyo karibu naye. Uwezo wa kaunti, hata hivyo, ni mdogo kuliko inavyodhaniwa.

Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kinaiachia serikali ya kitaifa peke yake kodi ya mapato, ushuru wa ziada ya thamani (VAT), ushuru wa forodha na ule wa bidhaa. Gavana wa Wajir au wa Garissa hawezi kumwondolea mtu hata senti moja ya VAT kwenye paneli au betri. Kilicho mikononi mwake ni ushuru wa ardhi na majengo, ushuru wa burudani na ada za huduma, zikiwemo za leseni ya biashara. Kaunti yaweza kumpunguzia ada hizo muuzaji wa sola, au kutenga ardhi ya mtambo mdogo wa kijiji. Yaweza pia kununua sola kwa ajili ya zahanati na visima vyake, na jambo hili huenda likawafaa wengi kuliko punguzo lolote la leseni.

Hata punguzo hilo halitoki mdomoni mwa kiongozi. Kifungu cha 210 chasema ushuru au ada ya leseni haisamehewi ila kwa mujibu wa sheria, na rekodi ya kila msamaha pamoja na sababu yake ni lazima iwekwe. Anayeahidiwa msamaha jukwaani ana haki ya kuuliza sheria iliyopitishwa na bunge la kaunti.

Kwa upande wa kitaifa, mambo yamekuwa yakibadilika. Sheria ya Fedha ya 2020 iliondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola. Ile ya 2021 ikaurejesha kuanzia Julai mwaka huo. Anayeuona msamaha huo kwanza ni mwagizaji wa bidhaa. Hadi paneli ifike Diff, imeshaongezewa faida za wachuuzi na nauli ya lori, tena katika barabara ambazo mvua huzikata.

Kwa sababu hiyo mradi wa K-OSAP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mnamo Julai 2017 kwa dola milioni 150, ulifuata njia nyingine. Ulilenga kaunti 14 zilizoachwa nyuma, zikiwemo Wajir, Garissa na Mandera. Katika sehemu ya sola za nyumbani, fedha zililipwa kampuni baada ya mauzo yake kuthibitishwa, ili ipate sababu ya kwenda mbali. Mnunuzi hakupewa pesa mkononi.

Zipo pia sola za kulipia kidogo kidogo kwa simu, mtindo ulioenezwa na M-Kopa tangu 2012. Katika eneo lenye Waislamu wengi, wanunuzi huuliza kama nyongeza ya bei ni riba. Mkataba wa murabaha, ambapo muuzaji hutaja gharama na faida yake waziwazi na bei haiongezeki baadaye, huondoa shaka hiyo. Kampuni isiyolielewa hili itashangaa kwa nini wateja hawaji.

Sheria ya Kawi ya 2019 inamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati moja kuingiza umeme wa ziada kwenye nyaya za msambazaji na kupunguziwa bili. Kanuni zake zilitoka 2024. Kwa asiye na nyaya hizo, ruhusa hiyo ni ya karatasini. Vivyo hivyo kituo cha sola cha Garissa cha megawati 50, kilichozinduliwa Desemba 2019, huuza umeme wake kwa gridi ya taifa.

Kabla ya kulipa, mnunuzi amtake fundi aonyeshe leseni yake, inayohitajika chini ya kanuni za sola. Dhamana ya betri nayo iandikwe kwenye risiti, pamoja na jina la mji ambako itatengenezwa ikiharibika.