Mafundi Waliotoka Mbali: Habari za Kazi ya Kutengeneza Vitu Lodwar na Kakuma



Katika kitabu cha taarifa ya mwaka, hesabu za fedha huwa na nafasi yake, na majina ya wajumbe huwa na nafasi yake. Lakini chama cha kusaidiana hakiishi kwa hesabu peke yake. Hapana budi kijue pia habari za watu kinaokaa nao. Kwa hiyo tumeona yafaa mwaka huu kuandika habari za mafundi, yaani wale wanaotengeneza baiskeli, pikipiki, redio, simu, cherehani na jenereta katika Lodwar na Kakuma. Wengi wao walizaliwa nchi nyingine. Kazi zao twazitumia kila siku, bali jinsi walivyofika na jinsi walivyoweza kufanya kazi hapa ni wachache kati yetu wanaoweza kueleza.

Kwanza, ufundi wa kutoka mbali si jambo geni katika Turkana. Zamani, kabla ya serikali ya kikoloni, sehemu kubwa ya chuma cha Waturkana ilitoka magharibi. Walabwor, wanaokaa katika nchi iitwayo leo Uganda, walikuwa wafua chuma mashuhuri, na kazi ya mikono yao ilipita kwa Wajie hata ikafika kwetu. Katika Kiturkana neno emoit hutumika kwa mgeni na kwa adui pia. Walakini mkuki uliofuliwa na mgeni ulishikwa na mwenyeji bila aibu, kwa maana chuma hupimwa kwa makali yake, wala hakipimwi kwa ukoo wa aliyekifua.

Pili, wazee wetu waliyajua maisha ya kibali kabla wakimbizi hawajafika. Sheria ya wilaya za pembezoni ya mwaka 1902 iliipa serikali uwezo wa kuifunga wilaya, mtu wa nje asiingie bila hati. Sheria ya wilaya maalum ya mwaka 1934 ikaongeza nguvu ya serikali juu ya mwendo wa wenyeji wenyewe. Turkana ilikuwa miongoni mwa wilaya hizo. Ndiyo sababu Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa Lokitaung, na alipomaliza kifungo chake mwaka 1959 Kenyatta akawekwa Lodwar mpaka mwaka 1961. Mahali palipofungwa palionekana pafaa kwa kumweka mtu mbali na watu wake. Lakini lango linalomzuia mfungwa humzuia na mfanya biashara, na pasipo biashara fundi hana kazi. Hata leo, mtu wa kaskazini akimwona mwenzake anasafiri kwenda Kitale, husema kwamba anakwenda Kenya.

Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa nchi ya Norway, barabara ya lami ilijengwa kutoka Kitale hata Lodwar. Malori yakaongezeka, na penye malori hutakiwa watu wa kuyatengeneza. Basi katika Lodwar mafundi wageni wa kwanza tuliowazoea walikuwa raia wenzetu wa Kenya, waliotoka upande wa kusini na spana zao.

Mambo makubwa yakaja mwaka 1991. Mwezi wa Januari serikali ya Siad Barre ilianguka Somalia, na mwezi wa Mei serikali ya Mengistu ikaanguka Ethiopia. Wasudani waliokuwa wamekimbilia Ethiopia wakalazimika kukimbia tena, na kati yao maelfu ya wavulana wasio na wazazi. Mwaka 1992 waliingia Lokichoggio, na mwaka huo huo kambi ya Kakuma ikafunguliwa, yapata kilomita 120 kutoka Lodwar. Wakafuata Waethiopia, wengine askari na watumishi wa serikali iliyoanguka. Kisha Wasomali, wengine wakiletwa kutoka kambi za pwani zilipofungwa. Kisha watu wa Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko. Wapo waandishi wa ng'ambo walioeleza kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipokuwapo. Msomaji wetu ajua kwamba Kiswahili hakina neno hilo. Kakuma ilikuwa mahali, na mahali pa watu, kabla ya kambi.

Sasa tueleze kazi yenyewe. Fundi huhitaji vitu vitano: mkono uliofunzwa, vyombo, vipuri, kuaminiwa, na karatasi ya serikali. Katika vitano hivyo, mkimbizi huvuka mpaka na kimoja tu kwa hakika, nacho ni mkono. Cheti huweza kuzama mtoni na sanduku la vyombo huweza kuachwa njiani, lakini aliyejua kufungua injini na kuifunga hawezi kunyang'anywa ujuzi huo.

Kazi haikukosekana. Mti wa mathenge, ambao Waturkana huuita etirae, uliletwa na wataalamu ili kuzuia jangwa, nao ukaenea kupita ilivyotazamiwa. Miiba yake hutoboa tairi za baiskeli, za pikipiki na za toroli. Vumbi letu huziba chujio la hewa na kabureta. Kambi ilianza bila umeme wa gridi ya taifa, na kwa miaka mingi wenye jenereta waliwauzia jirani zao umeme kwa waya. Jenereta moja ikizimika, duka la barafu, kinyozi na mwenye kuchaji simu wote husimama. Tangu mwaka 2007 fedha zilipoanza kutumwa kwa M-Pesa, simu iliyoharibika ni mkoba uliofungwa, na mwenyewe huona heri akose chakula cha mchana kuliko kukosa simu. Mwaka 2008 serikali ilipunguza kodi ya pikipiki ndogo, pikipiki zikajaa, na waliokuwa mafundi wa baiskeli wakalazimika kujifunza injini.

Shida ilikuwa vipuri. Vipuri viko Kitale, Eldoret na Nairobi, na mkimbizi hawezi kutoka kambini bila hati ya kusafiri. Hivyo fundi huagiza kwa dereva au kwa mfanya biashara, hungoja, naye hulipa zaidi. Kwa ajili hiyo mafundi wa Kakuma walizoea kutotupa kitu. Redio iliyokufa hutoa waya kwa redio inayougua, na simu mbili mbovu huzaa simu moja nzima. Watu wengine huita jambo hilo umaskini. Sisi twaona ni elimu, maana asiyeweza kununua kipuri hana budi kujua kipuri hicho chafanya kazi gani.

Shida nyingine ilikuwa kuaminiwa. Anayeacha pikipiki yake kwa fundi huacha riziki yake. Fundi asiye na ukoo katika nchi hii atadhaminiwa na nani? Hapo ndipo mwanagenzi alipopata cheo chake. Kijana Mturkana aliyekaa katika banda la Mwethiopia au la Mkongo ajifunze kazi alikuwa pia mdhamini: jamaa zake walijua anakoshinda, na mali ikipotea walijua wa kumwuliza. Tena kijana huyo aweza kupanda gari kwenda Kitale bila hati ya kambi. Mmoja ana ufundi wala hana mwendo. Mwingine ana mwendo wala hana ufundi. Katika banda moja wakawa mtu mmoja aliye kamili. Hata lugha yao ikawa Kiswahili, kwa kuwa spana, bisibisi, koleo na nati ndiyo majina ambayo wote wawili waliweza kuyatumia.

Upande wa mafunzo, wamisionari wa Don Bosco walifika Kakuma mwaka 1993, wakaanzisha masomo ya magari, kulehemu, umeme, mabomba, useremala na uashi. Maelfu ya vijana wamepita katika karakana zao. Pamoja na hayo, tusisahau kwamba vijana wengi walijifunza chini ya turubai, kwa kushika tochi fundi akifanya kazi, na hao hawana cheti cha kuonyesha.

Hapo twafika kwenye karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ilimweka mkimbizi, katika mambo ya kuajiriwa, sawa na mgeni mwingine yeyote: hana budi kupata kibali cha kazi, nacho kilikuwa kigumu kupatikana. Wengi waliofanya kazi katika mashirika walilipwa posho iliyoitwa motisha, iliyo chini sana ya mshahara wa Mkenya afanyaye kazi ile ile. Fundi wa banda yeye alijitegemea, akilipa leseni ya biashara kwa kaunti. Sheria mpya, iliyotiwa sahihi mwezi wa Novemba 2021, yampa mkimbizi haki ya kufanya kazi ya ujuzi wake, iwapo sifa zake zatambuliwa na wenye mamlaka wa Kenya. Maneno hayo ya mwisho ni mafupi, lakini mtu aliyejifunza kazi Addis Ababa au Bukavu, na vyeti vyake vimeungua, huyaona marefu sana. Njia iliyopo ni mtihani wa ufundi wa serikali, wa daraja la tatu, la pili na la kwanza, ambao humpima mtu kwa kazi ya mikono yake.

Wazee wengine wametuuliza: je, wenyeji wamepata nini? Swali hilo ni la haki. Kambi ilichukua ardhi ya malisho, miti ikakatwa, na kazi nyingi za mashirika zikaenda kwa watu wa mbali. Yapo pia mengine ya kutaja. Uchunguzi wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), uliotolewa mwaka 2018, ulihesabu biashara zaidi ya 2,000 katika kambi, na matumizi ya watu wa kambi na mji yapata dola milioni 56 kwa mwaka. Makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka 2016, yalikusudiwa tangu mwanzo yawe ya wageni na wenyeji pamoja. Lakini fedha huja na kuondoka. Kitu ambacho hakiondoki ni ujuzi uliokwisha kuingia katika mkono wa kijana wetu.

Kwa maana mafundi wenyewe huondoka. Miaka ya 2000 na 2001 zaidi ya vijana 3,000 wa Sudani walichukuliwa Marekani. Baada ya mapatano ya mwaka 2005 wengi walirudi kwao, na vita vya Desemba 2013 vikaleta wengine. Kila msafara ulipoondoka, mabanda yalibaki na wanagenzi. Aliyefunzwa vizuri alirithi vyombo na wateja. Aliyetumwa maji tu kila siku alirithi banda tupu.

Twaandika haya katika wakati mgumu. Mwezi wa Machi 2021 serikali ilitangaza nia ya kuzifunga kambi, nazo hazikufungwa. Mwaka 2025 posho ya chakula ilipunguzwa sana kwa upungufu wa michango, na mwaka huo huo serikali ikazindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi ziwe miji ya wote. Chakula kikipungua, mtu mwenye ufundi husimama kwa miguu yake, na asiye nao hubaki akinyosha mkono.

Kwa hiyo twaweka mbele ya wazee na wanachama mapendekezo matatu. La kwanza, kila jamaa mwenye kijana asiye na kazi amfikirie fundi, awe mwenyeji au mgeni, na mapatano ya kumfundisha yafanywe mbele ya mashahidi na kwa muda unaojulikana. La pili, fundi mgeni aliyekaa nasi kwa uaminifu, naye ataka kufanya mtihani wa serikali, chama kimwandikie barua ya kushuhudia mwenendo wake. La tatu, ugomvi wa mali iliyoharibika au kupotea karakanani uletwe kwanza barazani, usije ugomvi wa tairi moja ukawa ugomvi wa makabila mawili.

Wazee waliozuiwa na lango la wilaya iliyofungwa wajua uzito wa kumwambia mtu mwenye nguvu na ujuzi kwamba akae pale alipo angoje karatasi. Lango hilo la zamani liliondolewa. Yaliyo mikononi mwetu kwa mtu huyu ni machache: barua, ushahidi, na kijana wa kumfundisha. Twaomba mkutano mkuu uyazungumze.